Mashahidi wa Kioo Chini ya Daraja

Mliniacha chini ya daraja, nyundo mkononi, vipande vya kioo miguuni, na buti za mtu zinashuka ngazi ya chuma. Msomaji mmoja kaniletea ujumbe: "Kimbia, mjinga wewe!" Nikimbilie wapi, dada yangu? Mbele nguzo, nyuma mto.

Basi buti zikashuka. Ko. Ko. Ko.

Zilikuwa safi. Nikajua ni nani hata kabla sijaona uso, maana katika idara yetu nzima ya madaraja ni mtu mmoja tu anayepiga buti rangi kabla ya kwenda kukanyaga tope.

Mhandisi.

Aliyekosa gazeti lililopita nimweleze haraka, twende. Kazi yangu ni kugonga madaraja. Nyundo moja, masikio mawili. Zege zima ukiligonga linalia kama kengele. Zege lililooza ndani linaitikia kama mtungi mtupu. Miaka ishirini na mbili nagonga, ndiyo maana wakaniita Masikio. Na pakionekana ufa, tunabandika kipande cha kioo juu yake, huku na huku kwa saruji, tunaandika tarehe. Daraja likitulia, kioo kinabaki kizima. Ufa ukitembea hata kwa unene wa ukucha, kioo kinapasuka. Kioo hicho tunakiita shahidi, kwa sababu hakisemi uongo na hakina bosi wa kumwogopa.

Sasa, kwenye nguzo ya upande wetu nilikuta mashahidi watatu ambao sikuwabandika mimi. Tarehe zao zimeandikwa kwa mkono wa marehemu mke wangu. Saba yake naijua hata gizani: aliikata kiunoni kama mtu aliyejifunga mkanda. Mwezi mmoja kabla hajafa! Na mke wangu hakuwahi kuniambia kwamba amekanyaga chini ya daraja lolote.

Nikajiuliza alikuja na nani. Nikajijibu mwenyewe. Nikainua nyundo nikawavunja wote watatu.

Hapo ndipo buti ziliposhuka.

"Nani hapo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mtu wa nyundo."

"Aa, Masikio! Umerudi lini kutoka kwenye makalvati?"

"Walionitupa huko kwenye mifereji ya chini ya barabara ndio wanajua."

Hakucheka. Akawasha tochi, maana chini ya daraja hata saa tatu asubuhi kuna giza la stoo. Mwanga ukapanda kwenye nguzo, ukafika kwa shahidi wa kwanza, ukasimama. Ukaenda kwa wa pili. Ukaenda kwa wa tatu.

"Mungu wangu. Wote watatu!"

Nikasogeza mguu nikavikanyaga vipande.

"Mwezi uliopita walikuwa wazima, Masikio. Nilikuja hapa mwenyewe, nikawafuta vumbi mmoja mmoja."

Akawafuta vumbi! Mmesikia hayo?

"Huwa unakuja kila mwezi?"

"Miaka minne. Sijakosa hata mwezi mmoja."

Mimi mwenye mke, kaburi lake nalipalilia mara moja kwa mwaka, na hiyo ni kwa kuomba ruhusa kwa kupiga magoti. Yeye kila mwezi anakuja kufuta vumbi kwenye mwandiko wake. Ndugu zangu, nilidhani mke akifa, wivu unafukiwa naye. Haufukiwi. Unabaki juu ya ardhi, unakuja kulala upande wake wa kitanda.

Mhandisi akatoa simu.

"Fungeni daraja. Ndiyo, sasa hivi. Shusheni vizuizi pande zote mbili. Hata baiskeli isipite."

Hapo nilipaswa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa, ulimi ukawa tayari. Nikaufunga. Wivu ukaninong'oneza: mwache aumbuke. Afunge daraja kwa vioo ulivyovunja wewe, kesho waje wakubwa na vyombo vyao wakute daraja zima, wamcheke mpaka buti zichakae.

Nikameza mate, na ukweli ukashuka pamoja na mate.

"Bwana Mhandisi," nikasema, "hizi tarehe aliandika nani?"

Akazima tochi. Mtu anayezima tochi baada ya kuulizwa swali, msimwamini.

"Masikio, sasa si wakati wake."

"Nimekuuliza aliandika nani."

"Unajua mwenyewe. Mkeo."

"Alikuja hapa na nani?"

"Na mimi."

"Mara ngapi?"

"Masikio..."

"Mara ngapi!"

"Mara kumi na moja."

Kumi na moja! Miaka kumi na tisa ya ndoa, hata sokoni hakunifuata mara kumi na moja. Nikamshika ukosi wa shati. Kofia yake ngumu ikaanguka, ikabingirika, ikaingia mtoni. Tukaitazama wote wawili ikienda zake, kama watoto waliopoteza mpira.

"Nipige," akasema. "Lakini unisikilize kwanza. Wewe ulikuwa unarudi nyumbani jioni unamwambia nini?"

"Nilikuwa namwambia kazi."

"Ulikuwa unamwambia daraja hili linaitikia kama mtungi. Mnakula unamwambia, mmelala unamwambia. Akauliza: mume wangu, umewaambia ofisini? Ukasema wewe si mtu wa kuandika ripoti, na wakubwa hawasikii mtu asiyeandika. Ni kweli au si kweli?"

Kweli tupu. Kalamu na mimi hatukusalimiana vizuri. Darasa la nne nilitoka mbio, nikaishika nyundo.

"Basi akaandika yeye," Mhandisi akaendelea. "Kila ulichomwambia, kwenye daftari la shule. Akaniletea ofisini. Nikapeleka kwa Mkubwa wa idara. Mkubwa akasema hizo ni hadithi za jikoni, lete ushahidi. Ndipo tukaja kubandika vioo. Yeye anaandika tarehe, mimi nachanganya saruji."

"Na mimi nisiambiwe?"

"Alisema ungekwenda kumtukana Mkubwa, ufukuzwe kazi. Alikosea?"

Hakukosea. Msibani kwake nilisimama mbele ya watu nikamtukana Mkubwa matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kesho yake nikahamishiwa kwenye makalvati.

Na nilikuwa na haki ya kutukana! Mke wangu alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake ng'ambo ya mto. Akaugua huko yeye mwenyewe, ghafla. Hospitali iko upande wetu, daraja ndiyo njia, dakika kumi. Lakini wiki ile daraja lilikuwa limefungwa siku tatu. Kwa matengenezo? Thubutu! Lilifungwa lipakwe rangi, kwa sababu Mkubwa alikuwa na mgeni wake atakayepita. Gari likazunguka barabara ya milimani, safari ya saa nne na nusu. Mke wangu akafika hospitali akiwa baridi.

Rangi ya kijani, mikanda ya njano. Huku chini, ambako macho ya mgeni hayafiki, hawakugusa hata kwa brashi ya meno.

"Kwa hiyo yalikuwa madaraja tu," nikamwambia Mhandisi. "Mara kumi na moja, saruji na tarehe."

"Unataka nikwambie nini?"

"Niambie kama ulimpenda."

Akakaa juu ya jiwe. Akachukua kijiti, akaanza kukwangua tope kwenye buti ambazo hazikuwa na tope.

"Unajua nani alikuwa anaona wivu, Masikio? Mimi. Nimekaa darasani miaka kumi na sita. Namwonyesha vyombo vyangu, ananiambia, 'Mume wangu kasema ufa unaanzia huku.' Namwonyesha mchoro, ananiambia, 'Mume wangu kaligonga, kasema siyo hapo, ni pale.' Ninapima, nakuta ni pale. Kila mara mume wangu, mume wangu. Nilikuwa nikikuona ofisini natamani kukurushia faili."

Msinicheke. Kidogo nifurahi. Lakini furaha haikufika kifuani, kwa sababu nilikuwa nimeuliza swali moja na nimejibiwa jingine.

"Na binti yangu aliyeolewa ng'ambo? Umewahi kumwona?"

"Sijawahi," akasema, akizitazama buti.

Simu yangu ikalia. Na nani? Binti yangu mwenyewe, kama aliyesikia anatajwa.

"Baba." Sauti imekatika katikati. "Baba, uchungu umeanza."

"Si ulisema bado wiki mbili?"

"Mimi nilisema wiki mbili. Mtoto kasema leo."

Simu ikanyang'anywa. Mama mkwe wake huyo, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja vikombe.

"Mkwe, tumo kwenye pikapu, tuko hapa hapa ng'ambo penye kizuizi, na kuna kijana wa sare anatuambia daraja limefungwa! Mwambie afungue kabla sijamfungua yeye! Mtoto amelala vibaya, mkunga kasema hospitali, si nyumbani. Unanisikia? Hospitali!"

"Nakusikia, mkwe."

"Anasema tuzunguke milimani! Huko huko walikomzungusha mama yake!"

Simu ikakatika.

Nilihisi mto umeacha kutembea. Yule aliyelifunga daraja mara ya kwanza nilimtukana mbele ya jeneza. Na aliyelifunga mara hii ni nani? Mimi. Kwa nyundo yangu, kwa wivu wangu juu ya mwanamke aliyekuwa kaburini miaka minne.

"Fungua daraja," nikamwambia Mhandisi.

"Una wazimu? Umewaona mashahidi."

"Nimewavunja mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mto umegeuka unapanda mlima.

"Nini?"

"Nimewavunja kwa nyundo. Niliona mwandiko wake nikawavunja. Nguzo hii haijatembea. Fungua daraja, binti yangu ana uchungu ng'ambo!"

Sikujua kwamba anajua kupiga. Alinizaba kofi moja la kisomi, safi, na masikio yangu maarufu yakalia yote mawili. Kisha kwa mkono ule ule akachukua simu, akatafuta namba ya kizuizi, kidole kikafika kwenye kitufe.

Kidole kikasimama.

"Umevunja wangapi?"

"Watatu."

"Masikio. Mashahidi wako wanne."

"Nimeona watatu."

"Wa nne yuko nguzo ya ng'ambo. Alimbandika mkeo mwenyewe, mimi nilikuwa napinga. Nilimwambia upande ule ni mzima. Akasema, 'Mume wangu haamini sauti ya upande ule.' Ngazi ya kule imeoza, mwaka wa pili huu sijaweza kumfikia. Niliandika waniletee ngazi mpya."

"Wakaleta?"

"Wakaleta rangi."

Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunamtukana mtu mmoja kwa pamoja, kimoyomoyo.

"Kama wa nne ni mzima," akasema, "binti yako anapita na gari lake. Twende."

Tukapanda, tukakimbia juu ya daraja. Yeye mbele, mimi nyuma, maana yeye hana mke wa kumtia uzee wala wa kumfia. Bango la uzito bado limesimama pale, tani kumi. Malori ya magogo yanapita pale kila siku na tani ishirini na tano, na Mkubwa huyapungia mkono.

Ng'ambo nikaona kizuizi kimeshushwa. Nyuma yake lori la magogo, dereva wake amekaa juu ya boneti anakunywa soda. Nyuma ya lori, pikapu nyeupe. Mama mkwe amesimama karibu na mlinzi, kidole puani kwake. Nilitaka kumkimbilia binti yangu. Mhandisi akanivuta mkono.

"Kwanza shahidi!"

Tukateremka ukingoni. Ngazi ilikuwa imekatika katikati, vipande vya kutu vinaning'inia kama ndizi zilizokauka. Shahidi alibandikwa juu, zaidi ya urefu wa mtu.

Mhandisi akapiga goti kwenye tope. Buti zile!

"Panda mabegani."

"Mabegani mwako?"

"Unamwona mwingine hapa?"

Nikapanda. Mwaka mzima, tangu nianze kuwasimulieni habari hizi, nimeota kumkanyaga yule bwana. Sikuota itakuwa hivi. Akasimama chini yangu, anatetemeka, anahema, na mimi nimeshika zege baridi, napapasa.

"Umemwona?"

"Kuna utando wa buibui."

"Futa!"

Nikafuta kwa kiganja. Mwandiko ukatokea. Tarehe, saba yenye mkanda kiunoni. Na chini ya tarehe, kwa herufi ndogo ambazo Mhandisi asingeziona hata siku alipochanganya saruji, aliandika maneno mawili: *mume wangu.*

Nikasahau daraja. Nikasahau hata mabega niliyosimamia.

"Masikio! Mzima au amevunjika?"

Nikatazama vizuri. Kioo kilikuwa kimepasuka toka juu mpaka chini, kati ya *mume* na *wangu*. Na ndani ya ule mpasuko mlikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi mlikuwa na kijani cha ukungu. Si mpasuko wa jana. Si wa mwezi uliopita. Nikaingiza ukucha kwenye ufa nyuma yake. Ukucha ukapita. Nikaingiza kidole. Kidole kikapita.

"Amevunjika," nikasema. "Zamani."

Akashusha pumzi nikahisi miguuni.

"Basi alikuwa sahihi," akasema.

"Ni mimi niliyekuwa sahihi," nikamjibu kutoka juu. "Yeye aliandika tu."

Mnaona? Daraja linakufa, na mimi bado nagombea mwanamke.

Hapo hapo simu ya Mhandisi ikalia mfukoni. Akaipokea huku mimi ningali juu yake. Ile sauti niliisikia vizuri, maana sijaacha kuisikia miaka minne. Mkubwa.

"Nani amekupa ruhusa ya kufunga daraja?"

"Mkubwa, nguzo ya ng'ambo imekaa vibaya, shahidi..."

"Vioo! Kila siku vioo! Magogo yanasubiri kiwandani, nimepigiwa simu tatu. Nimeshamwambia mlinzi afungue."

"Mkubwa, nakuomba, usi..."

"Nimeshamwambia."

Juu yetu, injini ya lori ikaguruma.

Sikushuka mabegani, nilianguka. Nikatambaa kwa mikono na magoti mpaka juu ya ukingo. Kizuizi kilikuwa kimeinuka. Magurudumu ya mbele ya lori yalikuwa tayari yameingia darajani, na nyuma yake, imegusana kabisa na magogo, pikapu nyeupe, mama mkwe anapiga ubavu wa mlango kwa kiganja: "Twende! Twende!"

Nikasimama katikati ya njia.

Honi. Breki. Dereva akatoa kichwa.

"Mzee, umechoka kuishi? Nenda kafie kwenu!"

"Rudi nyuma!"

"Nimefunguliwa!"

"Aliyekufungulia yuko ofisini, anakaa kwenye kiti cha kuzunguka! Wewe uko hapa. Zima injini, usikilize."

"Nisikilize nini?"

Nikapiga magoti pale pale mbele ya bampa, nikainua nyundo, nikagonga daraja. Mara ya kwanza hakusikia. Akazima injini, nadhani ateremke anipige. Nikagonga tena.

Mtungi mtupu. Mtungi mkubwa, mtupu, na chini yake maji.

Nikagonga hatua tatu mbele, likaitikia vile vile, na kokoto moja ikadondoka huko chini, tukaisikia wote ikiingia mtoni. Dereva aliyakodolea macho magogo yake, akanitazama mimi, kisha mto.

"Mimi nimekuwa napita hapa kila siku," akasema polepole.

"Kila siku limekuwa likikuambia. Wewe unasikiliza redio."

Akapanda, akarudisha lori nyuma taratibu kama anayelaza mtoto. Pikapu nayo ikalazimika kurudi.

Nikakimbilia pikapu. Binti yangu amelala nyuma juu ya godoro, jasho limemlowesha, midomo imekauka. Amefanana na mama yake mpaka inaudhi.

"Baba, mbona haturuhusiwi?"

"Gari haliwezi kupita, mwanangu. Nguzo imekaa vibaya."

"Milimani siendi." Akanishika kidole kile kile kilichopita kwenye ufa. "Kama Mama alivyokwenda, siendi. Nizalie hapa hapa."

"Huzalii hapa!" mama mkwe akaingilia. "Mkunga kasema hospitali. Mkwe, wewe si ndiye mtu wa madaraja? Fanya daraja!"

Mhandisi akatokea, tope mpaka kiunoni. Buti hazikuonekana tena zilikuwa za rangi gani.

"Gari hapana," akasema. "Lakini mtu kwa miguu, daraja linambeba. Gari la idara liko upande ule. Tumbebe mimi na wewe."

"Mimi nitambeba peke yangu."

"Una miaka mingapi, Masikio?"

"Inakuhusu?"

"Baba!" binti yangu akapiga kelele, uchungu umempata. Ikaisha hoja.

Tukafanya kiti cha mikono, kama watoto wa shule wanavyofanya: mkono wangu umeshika kifundo cha mkono wake, mkono wake umeshika kifundo cha mkono wangu. Binti yangu akakaa katikati, mkono mmoja begani kwangu, mmoja begani kwake. Mama mkwe nikamwambia abaki, avuke baada yetu, peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu koo zetu zioane, hakubisha.

"Tusipige hatua kwa pamoja," Mhandisi akaninong'oneza. "Hatua zikifanana daraja linaanza kucheza. Mguu wako ukitua, wangu uwe hewani."

"Hilo halina shida," nikamwambia. "Mimi na wewe hatujawahi kufanana."

Tukaingia darajani. Hatua yangu. Hatua yake. Yangu. Yake. Rangi ya kijani inang'aa huku na huku kama harusi. Chini ya soli nilikuwa nasikia kila kitu: hapa zima, hapa bovu, hapa bovu, hapa bovu sana.

"Masikio, linasema nini?"

"Linasema tuharakishe."

Tukafika juu ya nguzo ile yenye ufa. Pakatoka mlio mmoja mfupi, mkavu, kama mtu anavunja kuni gotini. Tukaganda. Mhandisi ameinua mguu mmoja, mimi nimetua mmoja. Jasho lake likadondoka kwenye mkono wangu.

Binti yangu akafumbua macho. Hakunitazama mimi. Akageuza uso upande wa pili, akamtazama Mhandisi kwa karibu, akatabasamu kwa midomo ile mikavu, kama mtu aliyeamka akamkuta mgeni anayemngojea siku nyingi.

"Mjomba," akasema. "Umekuja kweli. Uliniahidi siku yangu ikifika utakuja."

Mjomba!

Mke wangu hakuwa na kaka. Alikuwa mtoto pekee kwao, ukoo mzima unajua. Na nusu saa haijapita tangu bwana huyu aniambie hajawahi kumwona binti yangu.

Nikamtazama. Akayatazama maji.

"Mwanangu," nikauliza, "huyu umemjuaje?"

"Tembeeni kwanza, Baba," akasema, uchungu mwingine unampanda. "Mama alisema nisikwambie mpaka daraja hili lifungwe. Si limefungwa leo?"

Chini yetu nguzo ikalia tena. Vidole vyangu vilitaka kumwachia yule mtu, kimoja kimoja, vyote kumi. Lakini juu ya vidole hivyo alikuwa amekaa binti yangu na mjukuu wangu.

Nikamkaza mkono Mhandisi mpaka mifupa yake ikalia, nikainua mguu.